Jinsi ya Kumpima Mdakaji Chipukizi wa Ligi Ndogo za Besiboli: Mwongozo Kamili

Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani kupokea mipira ya mrushaji, akiwa amevaa kofia ya chuma na kinga za magoti, ndiye mchezaji mgumu kuliko wote kumtabiria. Anafanana na kipa wa soka: nafasi ni moja, anakomaa akiwa amechelewa, na makosa yake yanaonekana haraka kuliko mema yake. Ukisoma takwimu zake za kupiga kama unavyosoma za mchezaji wa uwanja wa nje, utamkataa aliyestahili na kumsifu mtu ambaye miaka miwili baadaye atakuwa amehamishiwa besi ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuatilia klabu ya Ligi Kuu ya Marekani (MLB) na anataka kujua kama kijana anayesifiwa kule chini ana njia ya kweli. Unawafaa pia ndugu zetu walioko Louisville, Columbus, Des Moines na Buffalo. Miji hiyo ina jamii za wasemaji wa Kiswahili, na kila mmoja una timu ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Tiketi zake ni nafuu kuliko za Ligi Kuu, na ukikata mapema unapata kiti nyuma ya mdakaji. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: soma glavu (kudaka) kwanza, gongo (kupiga) baadaye. Wengi wanafanya kinyume chake kwa sababu takwimu za gongo ndizo zilizo rahisi kupatikana kwenye simu.

Hatua ya kwanza: jua yuko ngazi gani na ana umri gani

Tangu mwaka 2021 ligi ndogo zilizofungamana na klabu za MLB zina timu 120, yaani kila klabu kubwa ina timu 4 za msimu mzima: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini yake kuna ligi za kambi za Florida na Arizona, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika wanakoanzia vijana wengi wa Amerika ya Kusini na Karibiani.

Umri bila ngazi haukuambii chochote. Single-A wachezaji wengi wana miaka 21 hivi, High-A 22 hadi 23, Double-A 24, na Triple-A wamejaa watu wa miaka 26, 27 na zaidi waliokwisha kuonja Ligi Kuu wakarudi. Kijana wa miaka 20 anayepiga wastani wa .250 (mapigo salama robo ya majaribio yake) katika Double-A anapambana na wanaume waliomzidi miaka minne. Mwenye miaka 25 anayepiga .300 katika High-A anacheza na wadogo zake. Kwa mdakaji, hata hivyo, legeza kamba mwaka mmoja au miwili. Cal Raleigh wa Seattle Mariners alifika Ligi Kuu akiwa na miaka 24. Adley Rutschman, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti (uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ya 2019 na Baltimore Orioles, naye alianza akiwa na miaka 24. Usimhukumu mdakaji wa miaka 23 aliye Double-A kwamba amechelewa.

Angalia pia alikotoka. Aliyecheza vyuo vikuu miaka mitatu amekwisha kudaka warushaji wenye kasi na kujifunza kusoma wapigaji, kwa hiyo anatakiwa kupanda haraka. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 16 kutoka Venezuela au Dominika anahitaji miaka mitano, wakati mwingine saba. Kisha kuna waliobadilishwa nafasi. J.T. Realmuto alikuwa anacheza shotistopu (kati ya besi ya pili na ya tatu) sekondari kule Oklahoma kabla Marlins hawajamchukua mwaka 2010. Buster Posey, aliyekuja kuwa mdakaji wa San Francisco Giants, naye alianza chuo kama shotistopu. Mtu wa namna hii hesabu miaka yake ya kudaka, wala usihesabu miaka aliyonayo duniani.

Tahadhari moja kwa Waafrika Mashariki. Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Uganda aliyejulikana kwa video zake za mazoezi, alivaa jezi ya Frederick Keys kule Maryland mwaka 2023. Ile ilikuwa Ligi ya Drafti, mahali vijana wanapojionyesha kwa maskauti, na timu zake si sehemu ya zile 120. Takwimu za huko usizilinganishe na za Single-A. Hata hivyo kufika kwake pale ni hatua kubwa kwa mchezo wa Uganda, nchi iliyokwisha kupeleka watoto wake kwenye Kombe la Dunia la Little League tangu 2012.

Hatua ya pili: jiulize kama atabaki nyuma ya besi

Kila kitu kingine kinategemea jibu la swali hili. Mpigaji wa wastani ambaye ni mdakaji ni mali. Mpigaji huyohuyo akihamishwa besi ya kwanza anakuwa mtu wa kawaida, kwa sababu wanaocheza besi ya kwanza wanatakiwa kupiga sana.

Jesus Montero ndiye mfano ninaopenda kuutumia. Alikuwa chipukizi mkubwa wa New York Yankees, gongo lake likisifiwa kila mahali, na Januari 2012 alipelekwa Seattle kwa kubadilishana na mrushaji Michael Pineda. Skauti yeyote mkweli alikwisha kuona kuwa mwili wake na miguu yake havikuwa vya mdakaji. Aliacha kudaka, gongo likashindwa kubeba mzigo peke yake, na safari ikaisha mapema. Kwa upande mwingine kuna Kyle Schwarber na Daulton Varsho, waliopanda ligi ndogo kama wadakaji kisha wakapata maisha mazuri uwanja wa nje. Kenley Jansen alikuwa mdakaji katika mfumo wa Dodgers, mkono wake ukiwa wa ajabu na gongo lake halifanyi kitu. Mwaka 2009 wakamgeuza mrushaji, na akawa mmoja wa wafungaji mechi (warushaji wanaoletwa kumalizia mechi) wakubwa wa kizazi chake.

Kwa hiyo fungua kumbukumbu za mechi zake na uhesabu alianza nafasi gani. Mechi 6 kwa wiki ndio utaratibu wa ligi ndogo, Jumatatu ikiwa mapumziko, na hakuna mdakaji anayedaka zote. Ukikuta anadaka 3 au 4 na siku nyingine ni mpigaji maalumu (anayepiga tu, hachezi ulinzi), hiyo ni kawaida. Ukianza kuona besi ya kwanza mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, klabu inakupa taarifa bila kutoa tamko. Ila jihadhari usiisome vibaya. Samuel Basallo alicheza besi ya kwanza mara nyingi katika mfumo wa Orioles kwa sababu mbele yake alikaa Rutschman, na Agosti 2025 klabu ilimpa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 67, siku chache tu baada ya kumpandisha.

Hatua ya tatu: pima mkono kwa saa

Hapa hutegemei maoni ya mtu. Chukua simu yenye saa ya kupimia. Mkimbiaji anapotoka besi ya kwanza kwenda kuiba ya pili (kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe), bonyeza unaposikia mpira ukigonga glavu ya mdakaji, na simamisha unapoona umeingia kwenye glavu ya mchezaji aliye besi ya pili. Umbali huo ni mita 38.8. Ligi Kuu wastani ni sekunde 2.0. Chini ya 1.95 ni mkono mzuri, na 1.90 kushuka chini ni mkono wa kuogopwa. Realmuto kwa miaka mingi alikaa karibu na 1.90 au chini yake. Akizidi 2.10 mara kwa mara, wakimbiaji watamla.

Usipime mtupo mmoja ukaenda nyumbani. Pima kila nafasi, andika, kisha achana na iliyoharibika kwa sababu mpira ulifika chini sana. Mitupo ya kujinyoosha kati ya iningi na iningi (vipindi vya mchezo) iandike pembeni, maana pale hakuna mpigaji mbele yake wala mkimbiaji wa kumtia presha.

Sasa fanya hesabu ambayo watazamaji wengi hawaifanyi. Mrushaji naye anatumia muda, tangu aanze kunyanyua mguu hadi mpira ufike kwa mdakaji. Akitumia 1.35 na mdakaji akatumia 1.95, jumla ni 3.30. Mkimbiaji mwenye mbio nzuri anatumia kama 3.3 hadi 3.4 kutoka alipojivuta hadi besi ya pili. Hapo ni vita ya haki. Mrushaji mzito akitumia 1.55, hata mdakaji wa 1.88 anafikisha 3.43, na besi imeshaibwa kabla hajainuka. Kwenye takwimu lawama zote zitaandikwa kwa jina la mdakaji.

Ndiyo sababu siiamini sana asilimia ya wezi waliokamatwa. Tena sheria zimebadilika. Mwaka 2023 MLB ilileta saa ya kurusha, besi zilizopanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na kikomo cha mara mbili kwa mrushaji kujaribu kumrudisha mkimbiaji. Besi zilizoibwa zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503, na wakimbiaji walifaulu mara 8 katika kila 10. Ligi ndogo zilikwisha kuyajaribu mengi ya hayo kuanzia 2021. Mtu anayekumbuka enzi za kukamata theluthi moja ya wezi atadhani vijana wa leo hawana mikono. Siku hizi robo moja ni kazi nzuri.

Pamoja na saa, angalia miguu. Wengi wanakodolea macho mkono, lakini sekunde zinapotea chini: kijana anayesimama wima kabla ya kuachia amechelewa hata kama mkono wake ni bunduki. Na mpira unaofika besi ya pili ukiwa juu ya kichwa cha mwenzake haumsaidii mtu. Mtupo wa 2.00 unaotua juu ya besi, upande anakoingilia mkimbiaji, unashinda wa 1.88 unaomvuta mwenzake nje.

Hatua ya nne: mipira ya chini

Takwimu zinatofautisha mpira uliompita mdakaji kwa kosa lake na mrusho mpotovu wa mrushaji. Anayeamua ni mwandishi wa mechi, na huko Single-A waandishi hawalingani. Jumlisha vyote viwili.

Kisha linganisha na mdakaji mwenzake wa timu hiyohiyo. Timu za ligi ndogo huwa na wadakaji wawili au watatu, nao wanadaka warushaji walewale, wenye slaida (mirusho inayopinda) zilezile zinazochimba udongo. Ukikuta mmoja mpira unampita mara moja kila mechi na mwenzake mara moja kila mechi tatu, umepata jambo ambalo wastani wa ligi usingekuonyesha.

Ukiwa uwanjani, subiri hali hii: mkimbiaji yuko besi ya tatu, mpigaji ana straiki mbili (ya tatu inamtoa). Je, mdakaji anaomba slaida ya chini? Je, mrushaji anakubali? Mrushaji asiyemwamini mdakaji wake ataitupa slaida ile juu kidogo, ipige kiunoni, na mpigaji ataituma mbali. Anayemwamini ataichimbia udongo bila wasiwasi. Tazama magoti ya mdakaji kabla mpira haujatua. Mzuri huanguka mapema, kidevu kimelala kifuani, mabega yamejikunja kuelekea mbele, glavu imefunga mwanya katikati ya miguu, na mpira unaanguka hatua moja mbele yake kama uliochoka. Mbaya anajaribu kuudaka kwa glavu peke yake, mkono wa nyuma ukifuata kando ya mwili. Huyo atafaulu mara tisa, na ya kumi mkimbiaji anaingia.

Tofauti za hapa huwa zinafundishika. Kijana wa miaka 19 akiwa na tatizo la mipira ya chini usimfute. Wa miaka 24 mwenye tatizo lilelile, baada ya misimu mitano na makocha tofauti, ana tatizo la kudumu.

Hatua ya tano: fremingi, na mashine iliyokuja kubadilisha hesabu

Fremingi ni ufundi wa kuupokea mpira ulio ukingoni mwa eneo la straiki kwa namna itakayomfanya mwamuzi aite straiki. Haukuonekana kwenye takwimu hadi kamera za kufuatilia mpira zilipoenea, na ikagundulika kuwa watu kama José Molina, aliyekuwa hapigi kitu, walikuwa wanaokoa mikimbio (alama) mingi kimyakimya. Straiki moja iliyopatikana ukingoni ina thamani ya takribani moja ya nane ya mkimbio. Inaonekana ndogo, lakini mdakaji anapokea mirusho zaidi ya mia moja kwa mechi.

Patrick Bailey wa San Francisco Giants ndiye kielelezo cha miaka hii. Alichaguliwa wa 13 katika drafti ya 2020, akahangaika kupiga huko Eugene (High-A) mwaka 2021 hadi akashushwa San Jose (Single-A), na ungesoma gongo lake tu ungesema drafti ile ilipotea. Mei 2023 aliitwa Ligi Kuu, akashika nafasi mara moja, na 2024 akapewa Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora. Aliyemwachia njia ni Joey Bart, aliyechaguliwa wa 2 mwaka 2018 na kutangazwa kuwa mrithi wa Posey. Bart alikuwa na nguvu za kupiga kuliko Bailey. Hazikumsaidia.

Namna ya kuitazama fremingi: tumia picha ya runinga inayopigwa kutoka nyuma ya mrushaji. Glavu inatakiwa ianzie chini, karibu na udongo, kisha ikutane na mpira ikielekea juu. Siku hizi karibu wadakaji wote wanapiga goti moja chini ili kuifikia ile mipira ya magotini. Kifundo cha mkono kitulie mara mpira unapoingia. Akiuvuta mpira kwa nguvu kuurudisha katikati, mwamuzi anaona anadanganywa. Mtazame hasa akipokea sinka (mirusho inayozama) za warushaji wa mkono wa kulia, zinazokimbilia upande wa mkono wake wenye glavu. Hapo glavu dhaifu hujulikana.

Sasa mashine. Mfumo wa kompyuta wa kuhakiki straiki, unaoitwa ABS, ulijaribiwa Triple-A kwa misimu kadhaa, na MLB iliuidhinisha kuanza kutumika 2026. Mwamuzi bado anaita kila mrusho, ila kila timu inaanza na rufaa mbili. Ukishinda rufaa unabaki nayo, ukishindwa imekwenda. Wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji tu, papo hapo, kwa kugusa kofia, bila msaada kutoka benchi. Eneo la straiki la mashine lina upana wa inchi 17, na urefu wake unapimwa kwa kimo cha mpigaji: kuanzia asilimia 27 hadi asilimia 53.5.

Kuna waliotangaza kifo cha fremingi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu rufaa ni chache na mirusho ya ukingoni ni mingi. Kilichoongezeka ni ufundi mpya wa kupima: mdakaji anajua lini kugusa kofia? Yeye ndiye anayeuona mpira vizuri kuliko mrushaji aliye mita 18 mbali na kuliko mpigaji anayejitetea. Ukitazama Triple-A, andika rufaa zake zote: hesabu ya bolu (mirusho iliyo nje ya eneo la straiki) na straiki ilikuwaje, kulikuwa na wakimbiaji, alishinda au alishindwa. Anayechoma rufaa kwenye iningi ya kwanza, hakuna mtu kwenye besi, kwa mrusho wa kwanza kwa mpigaji, hana subira. Anayeitunza hadi bolu tatu na straiki mbili huku besi zimejaa, kisha anashinda, huyo anastahili alama yake kwenye daftari.

Hatua ya sita: gongo

Wadakaji wa Ligi Kuu kwa ujumla hupiga chini ya wastani wa ligi. Kwa hiyo kiwango cha kumpima chipukizi kiwe kile cha wadakaji wenzake.

Namba ya kwanza ninayoitazama ni mara ngapi anatolewa kwa straiki tatu. Ligi Kuu wastani ni kama asilimia 22 au 23. Kijana akifika asilimia 30 katika Double-A, jua warushaji wa juu watampeleka mbali zaidi. Bart ndiye ushahidi: mwaka 2022 alitolewa kwa straiki zaidi ya theluthi moja ya mara alizosimama kupiga. Namba ya pili ni mara anazopewa besi bure kwa bolu nne. Asilimia 10 ni nzuri. Hizi mbili zinatulia mapema msimu. Wastani wa kupiga unayumba miezi mitatu mizima kwa bahati tu ya mpira kuangukia pasipo na mtu.

Nguvu ziangalie kwa kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Takwimu za Statcast (mfumo wa MLB wa kufuatilia mpira) za Triple-A zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baseball Savant, na mpira unaopigwa kwa kilomita 153 kwa saa au zaidi unahesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Homurani (mipigo inayovuka uzio) peke yake zinadanganya kwa sababu ya viwanja. Ligi ya Pacific Coast ina miji ya nyanda za juu na hewa kavu: Albuquerque, Reno, El Paso, Las Vegas. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mpira unapaa kule kuliko unavyopaa pwani. Mtu akikuonyesha homurani 25 za huko, muulize ngapi zilipigwa ugenini.

Sasa turudi kwa Cal Raleigh, maana yeye anafundisha subira kuliko mwongozo wowote. Alichaguliwa raundi ya 3 mwaka 2018 kutoka Florida State, anapiga pande zote mbili, kulia na kushoto. Mwaka 2019 alipiga homurani 29 katika High-A na Double-A. Msimu wa 2020 ligi ndogo hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. 2021 akaja Tacoma, Triple-A, akapiga .324. Julai akaitwa Seattle, akapiga .180. Masika ya 2022 akarudishwa Tacoma kwa muda. Wengi wakamfuta. Baada ya hapo akapiga homurani 27, kisha 30, kisha 34, na mwaka 2025 akapiga 60, idadi ambayo hakuna mdakaji aliyewahi kuifikia. Rekodi ya nafasi hiyo ilikuwa 48 za Salvador Perez mwaka 2021.

Usichukue mfano huu ukautumia kumtetea kila anayepiga .180. Raleigh alikuwa na mambo matatu yaliyoshikika hata siku mbaya: alidaka vizuri kiasi kwamba klabu haikuwa na sababu ya kumwondoa, nguvu zake zilionekana kila ngazi, na Tacoma alikuwa hatolewi kwa straiki ovyo. Mtafute chipukizi wako katika hayo matatu. Akiwa nayo mawili, mpe msimu mwingine. Akiwa na moja tu, yaani nguvu, mrudishe kwenye hatua ya pili.

Zingatia na kalenda. Mdakaji anachoka. Joto la Julai na Agosti, magoti, mipira ya faulo inayogonga kofia na vidole. Gawa msimu wake vipande viwili, Aprili hadi Juni na Julai hadi Septemba. Gongo linaloporomoka kila Agosti ni suala la mwili na mapumziko, na klabu inaweza kulitibu kwa kumpunguzia siku za kudaka.

Hatua ya saba: kichwa na mdomo

Hapa namba hazifiki. Mdakaji anasoma wapigaji, anachagua mirusho na wakati mwingine analazimika kumtuliza mrushaji wa miaka 20 aliyetoa bolu nane mfululizo. Wapo watakaokuonyesha wastani wa mikimbio inayoruhusiwa na warushaji anapodaka yeye. Siupendi: unategemea sana nani alirusha siku ile.

Sikiliza badala yake warushaji wanasema nini wakihojiwa baada ya mechi. Mrushaji anayesema "sikumkatalia ishara hata moja" anatoa ushahidi mzito. Angalia anapotembea kwenda kwa mrushaji: anakwenda mapema, kabla mambo hayajaharibika, au anangoja kocha amwashirie? Na lugha ni chombo cha kazi. Nusu ya warushaji anaowadaka huenda wanazungumza Kihispania na nusu Kiingereza. Kijana wa Venezuela aliyejifunza Kiingereza, au wa Texas aliyejifunza Kihispania, anaaminiwa mapema. Sisi tuliokulia kwenye lugha mbili tatu tunaelewa kwa nini.

Hatua ya nane: toa hukumu, kisha angalia mlango

Maskauti wa Marekani wanatumia kipimo cha 20 hadi 80, na 50 ndiyo kiwango cha kawaida cha Ligi Kuu. Mpe alama kila kipengele: kuupokea mpira, kuzuia, mkono, kugusa mpira kwa gongo, nguvu. Mbio zake usijisumbue nazo. Mwenye 55 za glavu na 40 za gongo ni mdakaji wa akiba, na hiyo ni ajira ya miaka kumi kwa watu wengi. Mwenye 55 za glavu na 50 za gongo ni wa kuanza kila siku. Mwenye 40 za glavu na 60 za gongo, andika besi ya kwanza pembeni kwa penseli. Tarehe uandike pia, na usimpandishe wala kumshusha kwa wiki mbili za moto au za baridi.

Mwisho ni mlango, maana klabu kwa kawaida ina nafasi mbili tu za mdakaji. Nani yuko mbele yake na mkataba wake unaisha lini? Aliyefungiwa njia mara nyingi ndiye anayeuzwa Julai. Mchezaji akishawekwa kwenye orodha ya watu 40 wanaoweza kuitwa timu kubwa, klabu ina miaka 3 ya kumpandisha na kumshusha itakavyo, na ikiisha lazima wamweke timu kubwa au wahatarishe kumpoteza.

Na kama bado hayumo kwenye orodha hiyo, hesabu misimu yake. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini ana misimu 5 kabla ya kuhitaji kulindwa, kwa kuwekwa kwenye orodha hiyo, dhidi ya Drafti ya Kanuni ya 5, ambamo klabu nyingine huwachukua wasiolindwa; aliyesajiliwa na miaka 19 au zaidi ana 4. Katikati ya Novemba klabu zinatangaza zimewalinda akina nani. Ukimkuta mdakaji wako ameachwa nje, usikimbilie kusema wamemkata: klabu nyingine ikimchukua Desemba inatakiwa imweke Ligi Kuu msimu mzima, na wachache wana ujasiri wa kumkabidhi warushaji wao kijana aliyeishia High-A. Lakini akiachwa akiwa amekwisha kucheza Triple-A, na kwenye orodha wakamwingiza mdakaji mwingine aliye chini yake, basi klabu imekwisha kuchagua.